Udongo Usio na Sisimizi

Hapa Nguvumali, mvua ya kwanza ikigusa vumbi la uani, mimi huacha lolote nililoshika. Harufu ile hunijaza mate mdomoni, na msinicheke, maana najua wenzangu mko wengi. Mara najiona tena kijijini kwetu upande wa Moa, miguu peku, nikimfuata mama mdogo Zubeda kwenda kuchimba udongo wa kula.

Kwetu mwenye mimba kutamani udongo halikuwa jambo geni. Lakini mama mdogo alikuwa na maringo yake. Wa kichuguu aliukataa, wa ukuta wa jiko aliuonja akautema. Aliutaka wa kwenye josho la zamani tu, mahali ng'ombe walipokuwa wakiogeshwa dawa ya kupe kabla mimi sijazaliwa. Josho lilikwisha fukiwa, ikabaki ardhi ya kijivu yenye nyufa na harufu tamu ya mbali, kama sanduku la nguo lililofunguliwa. Palikuwa kimya mno, hata nikidhani nalisikia jua likiwaka.

Nilimuuliza kwa nini twende mbali vile. Akavunja kipande, akakigeuza kwenye mwanga.

"Tazama, mwanangu. Hauna hata sisimizi. Huu ndio msafi."

Nikatazama. Kweli, hapakuwa na sisimizi, wala mchwa, wala panzi. Nikalamba kidogo, nikajiona mtu mzima.

Jirani yetu Bi Mwanasha, shoga wa mama mdogo wa kufa na kuzikana, hakuwa mla udongo. Alimtania kwamba atakuja kuzaa chungu, wakacheka mpaka wakaegemeana. Mimba ile haikukaa. Iliyofuata nayo haikukaa. Mama mdogo alijilaza kwenye mkeka akiutazama ukuta, na alivyozidi kuhuzunika ndivyo alivyozidi kuutafuna udongo wake, kwa kuwa ulimtuliza. Nyumbani wakaanza kunong'ona habari za jicho baya. Mwanasha ana watoto tele, Mwanasha alicheka, Mwanasha ndiye aliyesema chungu. Siku moja Bi Mwanasha akaja na bakuli la uji, akabisha hodi mlangoni, akabisha tena. Mama mdogo alikuwa ndani, hakuitika. Hakumwitika tena maisha yake yote. Mimi nilikatazwa kucheza na wanawe, nikawa nawachungulia kwenye matundu ya ua wa makuti, roho ikiniuma.

Mwaka jana nilikuwa kijijini walipokuja wataalamu kuchukua udongo wa josho kwenda kuupima. Waliporudi na majibu walipazungushia uzio, na mmoja wao akatueleza taratibu. Dawa zile za zamani hazifi upesi. Hukaa ardhini miaka na miaka, zikiingia mwilini hujificha kwenye mafuta, hupita hata kwenye maziwa ya mama, na zinaweza kudhuru mimba. Mama mdogo akamuuliza kama ndizo zilizoharibu mimba zake. Yule bwana alikuwa mkweli. Alisema hilo hawezi kuliapia, ila udongo ule haukufaa kuliwa na mtu.

Mama mdogo alikaa barazani mpaka jua likahama upande wa pili wa nyumba. Kisha akasema, si kwangu hasa, "Kwa hiyo Mwanasha hakunifanya kitu."

Bi Mwanasha tulikuwa tumeshamzika, na mama mdogo hakukanyaga matangani.

Utotoni niliamini ardhi isiyo na mdudu ni ardhi iliyobarikiwa. Sikujua kwamba sisimizi walikuwa wamekwisha pajaribu kabla yetu, wakapakimbia.

Alasiri aliniomba nimshike mkono twende makaburini. Aliinama kwa shida, akaweka kiganja juu ya mchanga.

"Hodi, Mwanasha," akasema. Akangoja, akabisha tena.

Sisimizi wakaanza kumpanda vidoleni. Nilinyoosha mkono niwapanguse, akanizuia.