Mumiani wa Koti Jeupe

Kompyuta ya kaka Hamisi ilinuka vumbi lililoungua. Ukiiwasha, feni yake ilikohoa mara mbili, kisha harufu ile ikajaa chumba chote cha mbele cha nyumba yetu ya Tangini, ikachanganyika na ya mafuta ya nazi aliyojipaka mama kabla ya kwenda sokoni. Hamisi alikuwa fundi wa kompyuta mjini Kibaha, na ile ya nyumbani aliiunganisha mwenyewe kutokana na vipande vya mashine zilizokufa. Ndani yake mlibaki gemu moja tu, gemu la mumiani, wale wanyonya damu ambao kila mtoto wa kwetu amewahi kutishwa nao. Nilikuwa darasa la tano. Nililicheza kila nilipotoka shule hadi mama aliporudi.

Halikuwa gemu la kukimbia na kurusha risasi. Ulitengeneza mtu wako, ukamchagulia jina, uso na kazi, ukamgawia pointi za nguvu, za akili na za maneno matamu. Mtu huyo alikuwa mumiani aliyejificha mjini, na ilimlazimu kunywa damu asije akadhoofika. Akiwa na pupa, watu walimshtukia wakamfukuza, kwa hiyo kazi kubwa ilikuwa kuzungumza. Kila aliyekutana naye alimwuliza jambo, na chini ya kioo yakatokea majibu matatu, uchague moja. Yote yalikuwa kwa Kiingereza, nami nilipakata kamusi ya Hamisi iliyopoteza jalada. Wangu nilimfanya daktari. Nilimpa jina la Salma na koti jeupe, na pointi zote nikazitia kwenye maneno matamu. Watu walimpa damu kwa hiari yao, kisha wakamshukuru.

Likizo ya mwezi wa sita nilipelekwa Masaki, upande wa Kisarawe, kwa shangazi Mwajuma, dada yake baba, aliyelima mihogo na kuwa na mikorosho michache. Umeme ulikuwa haujafika kwake. Siku ya tatu, tukimenya mihogo uani na binti yake Mwanaidi, aliyekuwa na miaka minane, nikaanza kulicheza gemu kwa mdomo. Mimi nilikuwa kompyuta, yeye mchezaji.

"Sitaki kuwa mumiani mimi," Mwanaidi alisema. "Nataka kuwa mtu anayemkimbia."

Basi nikaligeuza. Daktari Salma akawa anamtafuta yeye, kitongoji kwa kitongoji, na kila alipogonga mlango nilimpa Mwanaidi majibu matatu achague. Alichagua vizuri kuliko mimi. Siku moja akaniuliza, "Dada Zuhura, sasa nitamjuaje, ikiwa anafanana na watu?"

"Ana koti jeupe. Hana haraka, na hakulazimishi. Anakuomba tu. Anasema, nipe kidole, mwanangu."

"Na nikimpa?"

"Umekwisha."

Hilo la kidole halikuwamo kwenye gemu. Nililitunga palepale, nadhani kwa sababu wiki chache nyuma nilikuwa nimepimwa malaria kwa kudungwa kidoleni.

Wiki ya pili Mwanaidi alipata homa. Shangazi alimfunga mgongoni kwa khanga, tukaenda zahanati, mimi nikibeba chupa ya maji. Muuguzi alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya chini. Alimkalisha Mwanaidi kwenye benchi, akavaa glavu, akanyoosha mkono. "Nipe kidole, mwanangu," alisema.

Mwanaidi hakulia. Alinitazama mimi kwanza. Kisha akaruka kutoka kwenye benchi, akatoka mlangoni, akapotelea kwenye mikorosho. Sikuamini kwamba mtoto mwenye homa anaweza kukimbia vile. Shangazi alimwita mpaka sauti ikamkauka, watu wakaacha majembe wakaja kutafuta. Walimpata alasiri, amejibanza ndani ya shimo la zamani la kuchomea mkaa, degedege limemshika, meno yameumana. Kijana wa bodaboda aliwapakia, yeye na mama yake, akawakimbiza hospitali Kisarawe mjini.

Alilazwa siku tisa. Alipona, lakini sikio la kulia halikusikia tena. Daktari alisema malaria ilikuwa imepanda kichwani, na kwamba saa zile zilizopotea ndizo zilizomdhuru.

Huku Masaki, watu waliokwenda kumjulia hali hospitalini, wakamsikia akiweweseka juu ya mumiani, walikuwa wameanza kunong'ona. Mtoto hawezi kumkimbia mtu bure, walisema. Amekiona kitu kwa yule muuguzi. Neno mumiani lilitajwa kisimani, nikiwa na ndoo mkononi. Wanawake wawili wenye watoto wachanga walisema hawatakanyaga tena zahanati. Nilikaa kimya siku tatu. Siku ya nne, shangazi aliporudi na Mwanaidi, nilimwambia yote, kuanzia kompyuta mpaka kidole.

Nilitarajia kipigo. Shangazi aliendelea kukunja khanga zake mpaka zikaisha. "Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Basi vaa viatu."

Alinipeleka zahanati asubuhi ileile, tukipita nyumba kwa nyumba akiwaita wale wanawake wawili na wenzao. Walipofika saba au wanane, akanisimamisha mbele ya muuguzi. "Sema," aliniamuru. Nikasema kwamba mumiani nilimtunga mimi. Kisha nikamwamkia muuguzi shikamoo, nikamnyooshea kidole mbele ya wote. Aliitikia marahaba, akanidunga. Macho yake yalikuwa kwa wale wanawake, si kwenye kidole changu, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa akiwaogopa. Mwanamke mmoja alikaa kwenye benchi na mtoto wake. Wengine waliondoka.

Leo umeme umefika kwa shangazi, na wanangu hapa Tangini wanacheza magemu ya damu kwenye simu huku wakila ubwabwa. Nimemsikia mkubwa akimsimulia mwenzake, nikasimama mlangoni kumsikiliza. Alikuwa anaeleza vitufe tu. Zahanati wanaingia wakinyoosha vidole kabla hawajaombwa. Niliwahi kuwaeleza habari hii, wakauliza gemu lenyewe liliitwaje.

Mwanaidi anafanya kazi kiwandani Zegereni, ana watoto wawili. Hajawahi kunilaumu, nami sijawahi kumwomba radhi kwa maneno yaliyonyooka. Tunazungumza kila Ijumaa. Nikimpigia napaza sauti, naye hunikatiza, "Dada, usipige kelele, simu nimeiweka upande unaosikia." Nasema sawa. Kisha naendelea kupaza.