Kupe wa Kiangazi Kile

Wiki iliyopita nilikuwa kwa daktari nasubiri zamu yangu, nikainua macho ukutani. Bango. Mguu wa mtu mweusi kama mimi, na juu yake doa la mviringo. Chini wameandika: doa linalopanuka, homa, uchovu, baada ya kuumwa na kupe, wahi mapema. Mapema! Nilitamani kulichana.

Maana doa lile tulikuwa nalo nyumbani, miaka ya elfu mbili mwanzoni, tulipokuwa tukikaa ghorofani Ladywood, huku ughaibuni. Jumapili za kiangazi Wazanzibari tulikutana kwenye bustani moja yenye msitu, nje ya mji. Mama alipanda basi na mkeka wake na sufuria ya pilau ameifunga kwa kanga, harufu ya bizari inawageuza shingo abiria. Sisi watoto tulikimbizana kwenye majani marefu mpaka tuitwe mara tatu. Mdogo wangu wa kike, miaka saba, hakuna aliyemweza kwa mbio.

Jioni moja Mama akimwogesha akamkuta kupe nyuma ya goti. Akamng'oa kwa kucha, akamtupa chooni.

"Ole wenu mseme," alituambia. "Wazungu wakisikia wanangu wana kupe kama ng'ombe, wataniona mchafu, waje wawachukue."

Usimcheke. Hofu hiyo ilizungumzwa kwenye kila mkeka.

Wiki mbili baadaye doa likatoka. Kwenye ngozi yake halikuwa jekundu, lilikuwa kama alama ya kujigonga, likipanuka kila siku. Mama akasema ni choa, akalisugua kwa kitunguu thomu. Mtoto akashikwa na homa, akawa halali usiku, mchana hainuki. Ndipo tukaenda kwa daktari, mimi wa miaka kumi ndiye mkalimani, kama watoto wote wa nyumba zetu.

"Ameumwa na mdudu wowote?" daktari aliuliza. Nikamfasiria Mama. Akanikazia macho.

"Mwambie hapana."

Nikasema hapana. Tukapewa dawa ya choa. Wakati wa kurudi Mama akaninunulia sambusa, na ilikuwa tamu, Mungu anisamehe.

Majani yalipoanza kupukutika, mdogo wangu aliamka uso umelegea upande mmoja, magoti yamevimba. Huko hospitali Mama akasema kweli yote, analia. Uso ulirudi. Magoti hayakurudi.

Sasa Mama ameshatangulia, na mkeka ule sijui uliishia wapi. Mdogo wangu anakaribia thelathini, anapanda ngazi ameshika ukuta. Nilimpigia simu kumweleza habari ya bango, nikaanza tena: Mama aliogopa, maskini.

"Mama nilishamsamehe," akasema, kwa Kiswahili, yeye ambaye siku zote hunijibu kwa Kiingereza. "Lakini dada, mwenye kujua Kiingereza mle ndani ulikuwa wewe."