Mwisho wa Mutoto wa Taa

Enzi zetu, kule Katuba, katuni ililipiwa kwa maji. Kwenye avenue yetu televisheni ilikuwa moja tu, ya Papa Albert, mzee aliyestaafu kazi ya reli, na mke wake Mama Véro hakutaka watoto ishirini wamkanyagie sebule bure. Kila mtoto alifika na bidon ya maji kutoka bombani, akayamimina kwenye pipa nyuma ya jikoni, akaiacha bidon tupu uani, akavua ndara mlangoni, akaketi sakafuni na kufunga mdomo. "Maji kwanza, picha nyuma," alisema Mama Véro. Hata aliyekuja na homa aliambiwa hivyo hivyo.

Ninyi wenzangu mliokulia Lubumbashi mnaijua ile sakafu: saruji iliyosuguliwa nta nyekundu mpaka ikakupaka rangi makalioni, na ukirudi nyumbani mama anajua ulikokuwa kabla hujasalimia. Ilikuwa Jumamosi alasiri. Nje sombe ya majani ya muhogo inatwangwa, ndani kuna harufu ya karanga za kukaanga na kinywaji cha munkoyo kilichochacha kidogo, na Papa Albert amelala kwenye kiti chake, kofia ya reli imemfunika uso. Sijui kama aliwahi kuangalia hata katuni moja, lakini ukikohoa tu, sauti ilitoka chini ya kofia: "Nani ule?"

Katuni tuliyoipenda kuliko zote ilitoka Japani na ilisema Kifaransa. Kifaransa chenyewe tulikishika nusu, nusu nyingine tulijaza wenyewe. Ilimhusu mtoto ambaye kaka yake mkubwa alikwenda kuchimba handaki la reli, milimani, asirudi. Basi mtoto akachukua taa ya kaka yake, akafuata reli kwa miguu, kituo hadi kituo, akiuliza. Kila kituo wanamwambia kaka yako alipita hapa, ameendelea mbele. Sisi tulimwita Mutoto wa Taa.

Mado aliketi mbele kuliko wote, karibu aguse kioo. Alikuwa rafiki yangu, parseli yao na yetu, ua kwa ua, zikitenganishwa na ukuta wa matofali tuliouruka kutwa. Tulikuwa chanda na pete: tulikula kipande kimoja cha kikanda kwa kukikata kwa meno, tukacheza nzango, kuruka na kurusha miguu, mpaka visigino vikapasuka. Kaka yake mkubwa, yaya kama tunavyosema kwetu, Yaya Kasongo, alikuwa amekwenda upande wa Kolwezi kuchimba madini kwa mikono. Alisema ni wiki mbili. Wiki mbili zikawa mwaka. Kila jioni mama yao alimwekea bukari yake ya unga wa mahindi kwenye sahani, akaifunika na kifuniko, na kila asubuhi Mado aliila ikiwa baridi kabla ya kwenda shule. Mutoto wa Taa akiteleza kwenye matope sote tulicheka. Mado hakucheka.

Sasa, umeme. Umeme wa Katuba hamhitaji niwaeleze. Ila avenue yetu ilikuwa na bahati yake: upande wetu ulikuwa na laini yake, na ng'ambo ya barabara, alikokaa Noncle Fidèle, mdogo wa baba yangu, walikuwa na nyingine. Ukikatika huku, mara nyingi kule upo. Noncle hakukubali kundi la watoto nyumbani kwake, aliwavumilia wa damu tu. Kwa hiyo tukajiwekea desturi. Umeme ukikatika katikati ya picha, mimi Bijou navuka mbio, wenzangu wananingoja kando ya barabara, namalizia kuangalia kwa Noncle, halafu natoka kuwasimulia. Sheria ilikuwa moja: usiongeze, usipunguze. Nilikuwa na miaka kumi na nilijiona mtu mkubwa sana.

Ikafika Jumamosi ya sehemu ya mwisho. Watoto walifika mapema hata pipa la Mama Véro likafurika. Mutoto wa Taa amefika kwenye mdomo wa handaki, ameinua taa, ameita jina la kaka yake, sauti yake inarudi. Hapo hapo, giza kwenye kioo. Tulipiga ukelele mmoja. Nikachomoka, sikukumbuka hata ndara.

Kwa Noncle umeme ulikuwepo. Ila Noncle alikuwa na marafiki zake watatu, chupa mezani, na kwenye kioo wanaume wanafukuza mpira.

"Noncle, pardon, katuni yetu iko naisha..."

"Katuni gani? Apa tuko naangalia mpira. Ikala chini ao toka!"

Ninyi mnajua enzi zile. Mtoto kugusa televisheni ya mkubwa? Afadhali uguse chungu cha moto. Nilibaki kwenye koridoo, nimegeukia ukuta, nahesabu dakika kwa kichwa. Ningeweza kutoka na kusema ukweli. Lakini wote walikuwa wakiningoja, na mimi ndiye niliyeona, siku zote mimi ndiye niliyeona. Nilipokadiria kwamba imeisha, nikatoka.

Walinizunguka. Mado alikuja wa mwisho, bidon yake mkononi, akipasua njia katikati yao. Alinitazama usoni.

"Bijou, alimupata yaya yake?"

"Alimupata," nikasema.

Basi nikaanza, na nilipoanza sikujizuia. Nilisema kaka alitoka handakini amejaa vumbi mpaka kope, akasema: "Ile taa yangu haukuizimisha?" Nikasema wakapanda treni ya kwanza, wakarudi nyumbani, mama yao akaangusha sufuria kwa furaha. Sufuria nilijivunia zaidi. Watoto waliruka, wakaimba, wakacheza katikati ya barabara. Mtoto mmoja wa avenue ya pili alikuja Jumatatu bombani akidai mwisho ulikuwa mwingine. Tulimzomea mpaka akalia, na wiki iliyofuata naye alikuwa akisimulia habari ya sufuria.

Mado hakucheza. Nilidhani ni furaha imemshinda. Miezi michache baadaye mama yao alifunga mizigo, akawapeleka Pweto kwa ndugu zake, kwenye biashara ya samaki. Asubuhi niliruka ukuta nikakuta parseli imefagiliwa na hakuna mtu. Mado hakuniaga. Nililia, nikakasirika, nikasema nitamsahau. Sikumsahau.

Leo nina binti, Grâce, miaka kumi na sita, naye ni mgonjwa wa katuni za Kijapani kuliko nilivyokuwa mimi. Hana haja ya maji ya mtu wala ya ruhusa ya Noncle. Ana simu. Anaangalia akiwa jikoni, akiwa amelala, akisuka nywele, na wimbo wa mwanzo anauruka! Sisi wimbo wa mwanzo tuliuimba tumesimama kama kanisani, hatujui neno hata moja.

Mwaka jana nikasema niketi naye, nami nionje. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Katuni ya kwanza: kijana mvivu anagongwa na lori, anaamka ulimwengu mwingine, ana nguvu kupita wote. Ya pili: kijana mvivu mwingine, hakugongwa na lori, alianguka ngazi. Ya tatu nikamwambia Grâce, ngoja, huyu sasa atazaliwa upya na wanawake watano watampenda bila sababu. Wakawa sita. Na mavazi! Mpiganaji mzima wa kike anakwenda vitani, anakabili joka linalotema moto, amevaa kitu ambacho mama yangu asingekivaa hata bafuni. Vita vimepamba moto, mara upepo, mara sketi, mara wote wamekwenda ziwani kuoga, joka limesahauliwa.

"Hii kuoga inaingia wapi katika habari?" niliuliza.

"Mama, njo ya ba-fans. Banapenda vile, bo banabapatia."

Wanapenda hivyo, nao wanawapa. Nilichukia, nawaambia kweli. Nilimhutubia yule mtoto jioni nzima: kwamba zamani watu walitunga hadithi, siku hizi wanapima tu mtazamaji anataka mfupa gani wamrushie, kwamba Mutoto wa Taa alitembea vituo vyote vile kwa miguu, hakugongwa na lori lolote. Grâce alinisikiliza akitabasamu. Watoto wa siku hizi wana adabu ya ajabu: wanakusikiliza huku kidole kinatafuta. Wiki ile ile akaniletea simu.

"Mama, njo huyu Mutoto wa Taa yako?"

Alikuwa ni yeye. Wimbo ule ule, taa ile ile, rangi zimefifia kidogo. Sehemu zote, na ya mwisho. Nikaangalia.

Hakumpata. Ndani ya handaki alikuta kofia ya kaka yake imetundikwa kwenye msumari, pamoja na kofia nyingine nyingi. Akatoka. Akakaa kwenye mdomo wa handaki, akawasha taa, akaiweka kando ya reli ili treni ya kwanza ipite. Treni ikapita imejaa watu, wanacheka madirishani. Basi, ikaisha hivyo.

Nililia mbele ya mtoto wangu. Halafu, nilipokuwa napangusa uso, nikakumbuka hotuba yangu, nikaona aibu. Nani alianza kumpa mtazamaji anachotaka? Mimi. Kaka amejaa vumbi, treni ya kwanza, sufuria. Wajapani walithubutu kumwambia mtoto ukweli, nami nikaufuta katikati ya barabara ya Katuba ili nipigiwe makofi. Na nilimfutia nani? Mado, ambaye nyumbani kwao sahani ilikuwa imefunikwa. Yaya Kasongo hajarudi mpaka leo.

Mado yupo. Ni miaka sita sasa tangu arudi Lubumbashi, anauza samaki wakavu wa Pweto katika soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini. Kila nilipopita tulisalimiana, batoto baiko, baiko, nikachukua samaki zangu nikaenda. Kando yake kuna kigoda cha wateja anaowapenda. Miaka sita hakuwahi kunionyesha kile kigoda, nami sikuuliza.

Nilikwenda na Grâce, Jumamosi. Nilisimama mbele ya samaki kama mtoto aliyevunja sahani.

"Mado, niko na kintu ya kukuambia. Ile mwisho, fin ya Mutoto wa Taa, mi sikuionaka. Noncle alikuwa naangalia mpira. Nilibadanganyaka bote, na weye."

Hakuinua kichwa. Alikuwa akipanga samaki, mkubwa juu, mdogo chini.

"Najua."

"Unajua namna gani?"

"Weye ulikimbia, bote bakakufuata. Miye nikarudia kwa Papa Albert kukamata bidon yangu. Courant ikarudia, télé ikawaka. Nikaona yote, tuko babili tu, miye na ule muzee. Wakati ya zile kofia, naye alitoa yake."

Nilichuchumaa mbele ya samaki.

"Sasa ju ya nini uliniuliza?"

Hapo ndipo alipoinua macho.

"Nilizania nawe uliona. Nilitaka useme hakumupata, tulie babili. Weye ukasema alimupata, bote bakaanza kucheza. Ningelia na nani? Nikaenda kulia miye peke, nyuma ya jikoni, kwa ile pipa ya Mama Véro."

Njia ya mwongo ni fupi, walitufundisha hivyo. Yangu ilikuwa ndefu. Ilipita Pweto ikarudi. Nilimwambia nisamehe. Nilisema mara moja tu, kwa sababu ya pili isingetoka. Mteja mmoja alikuja kuuliza bei, Mado akamwambia apite baadaye. Kisha akapangusa kile kigoda kwa ncha ya kitenge chake, akakisogeza.

"Ikala, Bijou."

Nikakaa. Grâce, ambaye siku hiyo hakugusa simu hata mara moja, aliitoa mwenyewe, akaiegemeza kwenye kikapu cha samaki. Tukaangalia watatu, vichwa vimegusana, kwenye kioo chenye ufa. Zilipofika zile kofia Mado alinishika mkono, akaubana hasa. Tulilia palepale sokoni, mama wazima, watu wakipita wakidhani tumefiwa. Na kweli tulikuwa tumefiwa.

"Ni fin?" Grâce aliuliza. "Hakuna saison ya pili?"

"Hakuna, mwana," Mado akamjibu. "Iliisha."

Enzi zetu kioo kilikuwa kimoja na macho arobaini, umeme ukakatika utamu ulipofika, na tukabaki tunadaiana mwisho wa hadithi bombani. Siku hizi picha haikatiki, na mwisho wake unaujua tangu lori la kwanza. Mpaka leo nasema zetu zilikuwa bora, na Grâce akitaka kubisha abishe. Lakini siwezi tena kusema kwamba sisi wenyewe tulikuwa bora.

Parseli ya Papa Albert imeuzwa, waliokuwemo wamelala makaburini, na nta nyekundu sijui kama bado inauzwa. Mimi Jumamosi alasiri naenda Kenya. Maji pale sokoni ni shida, na Mado anahitaji kunawa baada ya samaki, kwa hiyo nabeba bidon moja kutoka nyumbani. Anaipokea, anaimimina kwenye beseni lake, halafu ananisogezea kigoda.