Kitabu Kilichofunga Karanga

Kitabu kilikuwa cha dada mmoja, msusi wa nywele kwenye saluni ya South Beach. Aliniazima kwa wiki moja tu. Kilikuwa cha katuni za watu wazima, kwa Kifaransa: mwanamke anajiuliza kwa nini akifikiria harusi yake mikono inapoa, kisha anamwona mwanamke mwingine akikausha miguu baada ya mvua, na mchoraji anaacha ukurasa mzima bila neno. Ukurasa ule niliusoma mara nyingi kuliko zaburi yoyote. Sikuwahi kuona mtu akichora kitu nilichokuwa nacho kifuani bila kukichora kama ugonjwa.

Mama mdogo alikikuta chini ya godoro, maana mimi na yeye tulilala kitanda kimoja. Akakibeba mpaka soko la Warwick, kwenye meza yetu ya karanga, akakifungua mbele yangu.

"Hii kitabu iko ya nani?"

"Sijui, mama. Niliiokota kwenye taksi."

"Wanawake wawili kitanda kimoja. Bwana yao alienda wapi, kununua mkate?" Hakucheka. "Kweli si yako?"

"Si yangu."

"Na haina mwenyewe?"

"Haina."

"Basi ni karatasi. Funga karanga."

Tulifunga karanga kwa karatasi iliyokunjwa kama pembe, kama nyumbani Kongo, na magazeti yalikuwa yamekwisha. Alinisimamia. Nikachana. Karatasi ilikuwa nzito, haikupitisha mafuta. Harusi ilienda na mchukuzi wa mizigo. Mvua ilienda na mama aliyekimbilia taksi ya Isipingo. Nilijiambia nitasema nikifika ukurasa unaofuata, nikauchana unaofuata.

Saa nane yule dada wa saluni akaja, kama kila Ijumaa.

"Jambo, mama. Nipe za moto."

Mama mdogo aliniangalia mimi, si yeye. "Mupe."

Nikampa. Aliuona wino, akakunjua karatasi polepole, karanga zikamwagikia viatu vyake. Ulikuwa ule ukurasa usio na neno.

"Hii mumeipata wapi?"

"Huyu binti aliiokota kwenye taksi," mama mdogo akasema. "Anasema haina mwenyewe."

Dada akanitazama, akangoja. Nikavuta ukurasa mwingine, nikaukunja pembe, nikaujaza.

Aliukunja wake mara nne, akautia ndani ya blauzi, akaondoka bila karanga. Mama mdogo akainama, akaziokota moja moja, akazipuliza vumbi, akanitilia mkononi.

"Kula," akasema.

Nikala.