Tundu la Kopo la Dhawi

Kwa miaka thelathini na moja Dhawi alihesabu maji ya mji wa Ghadamis. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa kwenye kibaraza cha uwanja wa soko, mbele yake kopo la shaba lililoning'inia, lenye tundu moja dogo chini. Alilijaza, likavuja mpaka likaisha, akapiga fundo kwenye ukuti wa mtende, akalijaza tena. Kila bustani ilikuwa na idadi yake ya makopo. Yakitimia, alipaza sauti, na mfereji ukafungwa huku ukafunguliwa kule. Hakuna aliyekuwa na saa, na hakuna aliyeihitaji.

Kisha zikaja pampu. Watu wakahamia nyumba za saruji nje ya ukuta, maji yakawa ya kuzungusha bomba, na anayeyamwaga barabarani leo haulizwi na mtu.

Kopo lilibaki, na Dhawi akabaki nalo, kwa sababu ya watalii. Munir, mtoto wa marehemu kaka yake, ndiye aliyekuwa akiwaleta. Aliwamalizia habari za nchi nzima kwa dakika kumi wakiwa wamesimama: kaskazini bahari, katikati mafuta, kwingine kote mchanga. Halafu akawaonyesha ami yake akijaza kopo.

Asubuhi moja Dhawi alilijaza kama kawaida na kuanza kusoma Yasini kimoyomoyo. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake: kopo likiisha, msomaji awe amefika aya fulani, si kabla yake wala baada. Siku hiyo kopo liliisha akiwa hata nusu ya njia hajafika.

Alingoja wageni waondoke, akaliteremsha na kulipindua. Shaba yote ilikuwa nyeusi kwa uzee, lakini mdomo wa tundu uling'aa.

"Munir, nani kalichokonoa hili?"

"Ami, nimelipanua kidogo tu. Watu wanachoka kungoja. Wana ndege ya kuwahi."

"Kidogo."

"Ami, hakuna bustani inayolingoja kopo hilo. Ni maonyesho tu."

"Na mimi ni maonyesho?"

Munir aliinama akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Dhawi alilifunga kopo kwenye kilemba chake cha zamani, akaenda nalo mji mpya kwa fundi wa kuchomelea. Fundi alilifungua na kuliziba tundu kwa risasi ya kuyeyusha, akaweka sindano ya kutobolea juu ya jiko.

"Nitatoboa jembamba, mzee. Wewe jaza maji, pima. Likikawia, naongeza kidogo. Likitosha, niambie."

Dhawi angepima kwa kitu gani? Kwa Yasini yake. Na Yasini yake ya leo si ile ya zamani. Meno yamekwisha, pumzi inakatika, juzi tu msikitini kijana aliyekaa ubavuni alimaliza akamwacha nyuma. Wahesabu wenzake wote wako kaburini. Kipimo cha kweli kilikuwa kwenye tundu lile, na tundu lile lilikuwa limekwisha kuliwa na tupa ya Munir.

"Acha," alisema. "Usitoboe."

"Kopo lisilo na tundu la kazi gani?"

"Si lako. Lete."

Zamani ilikuwepo sheria, na wahesabu wote waliijua. Mhesabu akipotelewa na hesabu, hakisii. Hufunga mlango wa maji, husimama uwanjani na kutangaza, na bustani zote hukaa kavu mpaka wenye maji wakubaliane upya. Dhawi hakuwahi kutangaza hivyo hata siku moja, na jambo hilo alijivunia kuliko hija yake.

Kesho yake alilitundika kopo mahali pake, akasimama, mkono mmoja ukutani. Munir alikuwa na wageni sita.

"Hesabu imepotea," alisema Dhawi kwa sauti yake ya kazi. "Maji yamefungwa."

Wageni walipiga picha. Munir aliwaambia jambo fulani kwa lugha yao, wakatikisa vichwa. Desturi ilitaka wenye bustani wajibu, lakini nani wa kujibu?

Kwenye benchi la mawe alikuwepo Hajji Qasim, ambaye kila majira ya joto hurudi kukaa kivulini kwa sababu nyumba yake ya saruji inawaka kama tanuri. Bustani yake ilikuwa ya makopo kumi na mawili, na kwa miaka ishirini yeye na Dhawi waligombana juu ya kopo la kumi na mbili.

"Tumesikia," alisema Hajji Qasim.

Dhawi akaketi.

"Nilijua tu," Qasim akaongeza. "La kumi na mbili siku zote lilikuwa pungufu."

"Lilikuwa limejaa, mwizi wewe."

"Haya. Thibitisha."

Dhawi aliutazama ukuti mapajani mwake, usio na fundo hata moja, akaukunja akautia mfukoni.