Kidonge Ndani ya Kombe la Zafarani

Saa moja kasorobo asubuhi, Kipungani, kisiwani Lamu. Uani kwake, nyuma ya jiko, Bi Zamzam ameinamia sahani nyeupe iliyoandikwa aya za Qur'ani kwa wino wa zafarani. Anamimina maji yenye marashi kidogo, anayazungusha taratibu mpaka maandishi yote yanayeyuka na maji yanageuka manjano. Kisha anayatia kikombeni. Hilo ndilo kombe, tiba ambayo Lamu nzima inaijua.

Halafu anafanya jambo ambalo hakuna maalim aliyemfundisha. Anafungua pindo la leso, anatoa kidonge kidogo cheupe, anakisaga kwa mgongo wa kijiko na kuutia unga wake ndani ya kikombe. Anakoroga. Anamtazama mwandishi wa makala haya na kuweka kidole mdomoni.

"Asiyue," ananong'ona. Asijue.

Asiyetakiwa kujua ni mwanawe wa miaka ishirini na minane. Kwa ridhaa yake tutamwita Swafwan, jina alilojichagulia mwenyewe. Ni mwaka wa saba sasa anaishi na maradhi mazito ya akili.

Swafwan anatoka chumbani ameoga, kikoi kimefungwa sawasawa. "Sabalkheri," anasema, na kuketi juu ya jamvi alilolisuka mamake. Anapokea kikombe kwa mkono wa kulia, anasema Bismillahi. Hapo anasita, anamgeukia mgeni.

"Mgeni kwanza," anasema, akikinyoosha kikombe. "Nawe upate baraka. Kunwa nusu, mimi 'tamaliza."

Kombe halikataliwi. Ukilikataa ni kama umesema maneno yaliyoandikwa kwenye ile sahani si kitu kwako. Mwandishi anakipokea kikombe na kubaki nacho mkononi, hajui akinywe au akirudishe. Bi Zamzam amesimama mlangoni. Mumewe, Bwana Abdulqadir, fundi wa kuezeka makuti, ameacha kutafuna mkate.

Ili msomaji aelewe kwa nini kikombe kile kilikuwa kizito hivyo, inabidi turudi nyuma.

Swafwan alikuwa Mombasa, mwaka wa pili chuoni, akisomea umeme. Alipokuja nyumbani likizo aliizika simu yake mchangani, akisema inawasimulia watu mawazo yake. Wazazi walidhani ni uchovu wa masomo. Mwezi wa pili akawa halali. Mwezi wa tatu akaanza kujibishana na ukuta.

"Huyu akanena ni jini. Huyu akanena ni jito la watu, kijicho, wamemuonea wivu kwa kusoma kwake," anakumbuka Bwana Abdulqadir. "Mwengine akanena ni bangi ya Mombasa. Kila mlango tukabisha. Sisi wenyewe tukawa hatuyui tumeshika lipi."

Mambo yaliharibika zaidi mwaka wa tano wa maradhi, pale Swafwan aliposhika kwamba chakula cha nyumbani kina sumu. Siku tisa hakugusa kitu alichokipika mamake. Alikula madafu aliyoyaangua mwenyewe. Siku ya kumi akatoweka, na wanaume wa kijiji walimkuta ndani ya mikoko, miguu imechanwachanwa na chaza, hawezi kusimama.

"Mzazi gani asiyeweza kumpa mwanawe mai ya kunwa?" anauliza Bi Zamzam. "Namnyoshea gilasi, yuwaniangalia kama mimi ni mwizi."

Kitu kimoja tu Swafwan alikubali kukipokea mkononi mwa mamake. Ni kombe. Alisema sumu haiwezi kukaa pamoja na maneno ya Mwenyezi Mungu.

Wakati ule kliniki ya mjini Lamu ilikuwa imeshampa vidonge, na Swafwan alikuwa akivitema. Mama akapiga moyo konde. Akasaga kimoja, akakitia kwenye kombe, akamnywesha mwanawe. Hakumwambia mtu, hata mumewe. Aliamini mzee yule anategemea kombe peke yake, naye hakutaka kumvunja moyo.

Kumbe Bwana Abdulqadir naye alikuwa na lake. Kazi ya makuti humpeleka Shela mara kwa mara, na akipita mjini alikuwa akinunua vidonge vile vile dukani kwa karatasi ya zamani ya daktari. Kila jioni yeye na Swafwan walikunywa kahawa barazani, aliyoipika mwenyewe kwa mkaa, na kijana hakuikataa kwa kuwa mamake hakuigusa. Kikombe cha Swafwan kilikuwa na unga wake. Mzee hakusema, kwa sababu maalim anayeandika kombe, Maalim Hamid, ni mjomba wa Bi Zamzam. Aliona aibu mkewe adhani anaidharau tiba ya kwao.

Kwa hiyo kila mmoja alikuwa akimtibu mwana na kumstahi mwenziwe. Heshima nzuri, lakini ilikuwa karibu kumuua kijana.

Baada ya wiki tatu Swafwan alikakamaa shingo. Mate yakamtoka, mikono ikatetemeka, akawa analala mchana kutwa. Wazazi walishika kwamba jini limekasirika. Mama akaongeza kombe, likawa mara mbili kwa siku, ingawa kidonge alikiacha kile kile kimoja. Kijana akazidi kuganda. Mwishowe walimpakia kwenye boti kumpeleka mjini.

Muuguzi Kagendo, mzaliwa wa Meru anayefanya kazi Lamu kwa mwaka wa sita, anaikumbuka siku ile vizuri.

"Nikawauliza anameza ngapi kwa siku. Wote wawili wakajibu pamoja, 'Kimoja.' Nikauliza, saa ngapi? Mama akasema asubuhi. Baba akasema jioni. Halafu wakageukiana," anasimulia. "Nilitaka kuwagombeza, lakini niliona Mzee amemshika Mama mkono, mbele za watu. Wazee wa huku huwaoni wakishikana mikono."

Dozi ilirekebishwa, shingo ikalegea. Ndani ya miezi michache Swafwan alianza kula nyumbani, kumsaidia babake kufunga makuti, hata kutania. Kipungani ikashukuru. Ila sasa hakuna aliyejua kilichomponya, kombe au kidonge. Maalim Hamid alipoambiwa siri ile alisema, "Aya ni shifaa, na dawa ameumba Mola yuyo huyo. Lakini kumfita mtu mzima, hilo silo langu." Kumfita, yaani kumficha.

Kagendo naye alisisitiza kijana aambiwe. "Kila mwezi waliniahidi mwezi ujao," anasema. "Ni miezi kumi na minne sasa."

Bi Zamzam hakatai kwamba Maalim na Kagendo wana haki. Kinachomfunga ulimi ni ile mikoko. "Akiyua kwamba nalimtilia kitu, ndipo yatakuwa kweli yale niliyokuwa nikiyakana. Mamake yuwamtilia zitu. Tamwambia nini tena?"

Turudi kwenye jamvi. Mwandishi ameinua kikombe, kiko karibu na mdomo, kwa sababu hajapata njia nyingine ya adabu.

"Usinwe!" Ni sauti ya Bi Zamzam. "Usinwe, lina dawa!"

Swafwan anamtazama mamake. "Dawa ya nani?"

"Yako."

Kuku wa jirani anaingia uani, anadonoa makombo ya mkate, anatoka. Swafwan anakichukua kikombe kutoka kwa mgeni na kukiweka chini polepole, kisimwagike.

"Tangu lini?"

"Tangu uli kule mikokoni," anasema mama, analia sasa.

Swafwan anamgeukia babake. "Nawe Baba wayua?"

Bwana Abdulqadir anajipangusa mikono kwenye kikoi. Angeweza kukana. "Na mimi nalikutilia," anasema. "Kwenye kahawa. Mamako hakuyua. Zamani hizo, si sasa."

Swafwan anacheka, kicheko kifupi ambacho hakuna aliyejua akipokeeje. Kisha anavaa ndara, anatoka nje, na kushika njia ya pwani. Mama anataka kumfuata. Baba anamshika bega.

Mpaka adhuhuri hakuwa amerudi. Bi Zamzam, ambaye kwa kawaida hukaa na ukili wake wa kusukia majamvi kutwa, hakuugusa. Jamvi moja humchukua wiki tatu na kumpatia shilingi elfu mbili na mia tano, na siku ile hakuongeza hata shibiri moja. Mwandishi huyu alipanda boti ya mchana kurudi mjini akiwa hana hakika kama alikwenda kuandika habari za nyumba ya watu au kuibomoa. Aliona haya, na bado anaona.

Wiki mbili baadaye, Bi Zamzam alipiga simu mwenyewe.

Alisema Swafwan alirudi siku ile baada ya alasiri, akala papai alilolimenya kwa mkono wake na kulala. Siku ya pili hakunywa kitu. Siku ya tatu kadhalika, na mama akaanza kuwauliza wavulana wanaokata boriti kama wamemwona upande wa mikoko. Siku ya nne asubuhi, alimkuta amekaa juu ya jamvi anamngoja.

"Akanambia, 'Mama, kombe kando, kidonge kando. Na karatasi ya kidonge nifungue mimi.'"

Tangu hapo kombe hunywa kila siku. Kidonge siku nyingine hukimeza mbele ya mamake, siku nyingine hukitia mfukoni na kwenda zake.

"Zamani nalikuwa nayua kimeingia mwilini," anasema Bi Zamzam. "Sasa siyui. Nanena kweli, mwanangu, kitwa changu hakina raha. Kulla siku namtizama shingo, namtizama mato kama yamelegea. Wala simuulizi. Nataka kumuuliza, simuulizi."

Kuna jambo moja linalompa matumaini, na ndilo hilo hilo linalomkosesha usingizi. Alhamisi hii Swafwan ameamua kwenda kliniki peke yake, akamuulize Kagendo kwa mdomo wake kama dozi inaweza kupunguzwa, maana anataka kurudia kazi ya umeme na vidonge vinampa usingizi. Hajawahi kwenda peke yake tangu augue. Mama aliomba amsindikize. Swafwan alimjibu, "Kaa, Mama. 'Takwenda, 'takuya."

Akakubali kukaa. Siku ya pili yake, mumewe akatangaza kwamba ghafla ana kazi ya makuti Shela, Alhamisi hiyo hiyo, kwa boti hiyo hiyo.

"Kazi iyo ameipata wapi, nami namuona kutwa yupo hapa nyumbani?" Bi Zamzam anauliza, na kwa mara ya kwanza simu inaleta kicheko chake. Kisha kicheko kinakatika. "Nimemwambia, Bwana, mara hii tusifite. Ukishapanda boti, mwambie mwanao kwa kinwa chako kwamba wamfuata. Akikataa, shuka."