Siku Baba Alipompa Kukhu Mgongo

Juzi mjukuu wangu mwalimu, anayekaa Nkoma, mjini Mbale, alinipandisha bodaboda akanipeleka mlimani kwa kina mama yangu. Msinicheke, nilikaa nyuma nimenyooka kama bibi harusi. Tulipofika mtoni nikasikia harufu ya kahawa inayoanikwa, nikamwambia asimame.

Nilikuwa mtoto wa Jinja. Miaka ile ya hamsini bwawa linajengwa, na baba alikuwa seremala pale, Msoga mwenye baiskeli nyeusi aliyoipangusa kila jioni kama anaogesha mtoto. Mama alikuwa Mgisu. Kifua kilipomzidi alirudi kwao mlimani, kwa mama yake aliyejua mizizi. Masika yote hatukusikia neno. Ndipo baba akapakia baiskeli kwenye treni, tukalala Mbale kwa shangazi, na alfajiri akaniweka mbele kwenye bomba la baiskeli. Nyuma alifunga mto mpya wa kukalia. "Wa mama yako," alisema. "Jioni tunashuka naye."

Ee, safari ile! Migomba pande zote, maji yanateremka kwenye mawe, wanawake wamebeba malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi. Harufu yake inakufuata hata baada ya kona. Kwenye vilima baba alisukuma akihema, kwenye miteremko akaachia breki, nami nikapiga kelele. Sijafurahi vile tena.

Kwenye daraja la magogo tulikutana na Kukhu, yaani bibi yangu, na mzigo wa kuni kichwani. Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni, wala hasemi naye. Baba aliruka chini, akampa mgongo. Kukhu naye akatua kuni, akajifunika shuka, akageukia mtoni. Mimi nikabaki katikati. Wakwe wakitaka kuongea, mtoto ndiye mdomo.

Baba akaniambia nimwambie amekuja kumchukua mke wake. Nikasema. Kukhu akajibu bila kugeuka.

"Mwambie baba yako, mama yako tulimzika. Tulimtuma mtu Jinja. Kumbe hakufika."

Baba alikuwa hatua chache tu, alisikia yote. Lakini alingoja. Adabu ilitaka itoke kwangu.

"Baba, Kukhu anasema mama walimzika."

Nilisema hivyo hivyo, kama nilivyosema dukani nikitumwa chumvi. Mabega yake yakaanza kutikisika. Ya Kukhu pia. Watu wawili wanamlilia mtu mmoja, na hakuna wa kumshika mwenzake. Kisha Kukhu akasema nimwambie amwachie mtoto. Nikamwambia hilo nalo. Baba akashuka bondeni peke yake. Hata kaburi hakuweza kwenda kuliona, maana lilikuwa uani kwa mama mkwe. Shule yangu iliishia pale darajani.

Siku hizi wakwe wanakumbatiana harusini na kupigwa picha. Heri yao. Mimi nimezaa, nimesomesha, wajukuu wangu wanasema Kiingereza kama redio. Nilitaka huyu mwalimu aone alipolala aliyemzaa bibi yake. Tukapanda. Mlima ulishaporomoka kwa mvua, ukabeba nyumba, migomba na makaburi yote, ukavimwaga mtoni.

"Ni wapi, Kukhu?" mjukuu akaniuliza.

Nikazungusha mkono hewani. Hapa, au pale. Sikuwa na hata konzi ya udongo ya kumwonyesha kwamba niliwahi kuwa na mama.